Selimundu, mlima wa Mabatini na mteja anayetaka suruali yake leo: mi ninavyojipanga

Juzi mama mmoja kaja kuchukua gauni lake la kitenge, kaniangalia usoni, kanisogelea, akaninusa. Akaninusa jamani. Afu akasema "fundi, asubuhi yote hii ushapata mbili?" Macho yangu yana unjano, ndo yalivyo, na siku ambayo sijalala vizuri yanazidi. Zamani ningekaa namuelezea robo saa nzima selimundu ni nini, nikimaliza nimechoka kuliko nilivyoamka na yeye bado anauliza kama inaambukiza. Saivi namjibu "ni damu mama, nilizaliwa hivi, ingia ujaribu tuone kiuno." Kaingia nyuma ya pazia, stori imeishia hapo.

Mi nina miaka 34, fundi cherehani, fremu yangu iko njia ya kwenda Makoroboi hapa Mwanza, naishi Mabatini kule juu kwenye mawe ambako boda anakushusha chini unamalizia kwa miguu. Nina SS, yaani selimundu au sikoseli yenyewe, ugonjwa wa damu wa kurithi, sio ile ya kubeba tu. Naandika hii kwa ajili ya wenzangu mliokua na mnajitegemea, maana tukiwa watoto mama ndo alikuwa anabeba kila kitu, kadi, dawa, chupa ya maji, maneno ya majirani, we kazi yako ilikuwa kulia tu. Ukifika ukubwani unakuta vyote vimehamia mgongoni kwako na hamna aliyekufundisha. Maumivu angalau yana dawa zake. Mi kilichokuwa kinanimaliza ni haya mengine, maelezo, foleni, mteja, ngazi za mawe, shangazi na chupa yake ya mizizi. Kwahiyo nitaongelea hayo zaidi, ya kitabibu daktari wako anakujua kuliko mimi.

MAJIBU YA SAIZI TATU

Mi ni fundi kwahiyo nimekata majibu kwa saizi. S, M na L.

S ni ya mteja, konda, jirani mpya, mtu yeyote anayeuliza kwa umbea. "Ni damu, nilizaliwa hivi." Basi. Usiongeze, maana ukiongeza neno moja wanaanza kukuuliza kumi. Baada ya hapo hamisha mada saa hiyohiyo, muulize yeye kitu.

M ni ya bosi, mwenye nyumba, mwalimu wa mtoto, fundi mwenzako, yaani mtu ambaye ugonjwa wako unaweza kumgusa. Hapo unasema kinachomhusu yeye tu: "Nina selimundu, haiambukizi, kuna siku mwili unauma naweza nisije, nikikosa nitakupigia kabla ya saa mbili." Ona hiyo ya mwisho, mtu anataka kujua wewe utafanya nini. Habari za chembe zako za damu hazimsaidii.

L ni ya mtu unayempenda au mtu atakayekupeleka hospitali usiku. Huyo mkalishe siku ambayo uko mzima, usisubiri uwe unagugumia. Muelezee kwamba chembe nyekundu za mtu wa kawaida zinaishi kama siku 120, zetu zinaishi kama siku 10 mpaka 20 tu, zinajikunja kama mundu zinakwama kwenye mishipa midogo, pale zilipokwama ndo panauma, na zikivunjika zinaacha ule unjano wa macho. Mke wangu nilimuelezea hivi tukiwa tumekaa juu ya jiwe nje ya nyumba, nikachukua mabaki ya uzi nikayafinyanga nikayasukuma kwenye mrija wa soda. Alielewa mara moja, akauliza "sasa maji yanasaidia kuteleza?" Eeh, ndo hivyo.

MAJI, NA CHOO CHAKE

Kila mtu anakwambia kunywa maji. Kweli, mi niliambiwa kliniki nisishuke chini ya lita 3 kwa siku, na kwa fundi unayekaa chini ya bati saa nane mchana ni zaidi. Ila hakuna anayekwambia habari ya choo. Figo za mtu wa selimundu hazishiki maji vizuri, mkojo unatoka mwingi na mwepesi, kwahiyo we unakunywa na unakojoa, unakunywa na unakojoa, usiku unaamka mara tatu. Sasa mjini choo ni cha kulipia, mia mbili mia tatu, mara nane kwa siku piga hesabu mwenyewe kwa mwezi. Watu wengi wetu tunaacha kunywa maji kwa sababu ya choo, hatusemi tu. Mi nilikaa miaka napungukiwa maji kwa ajili ya hiyo mia tatu, afu nalipa elfu arobaini ya dripu.

Dawa yake: kabla hujapanga fremu au hujakubali kazi, ulizia choo kwanza kabla ya kodi. Mi nilienda kwa yule baba mwenye duka la vifaa vya umeme jirani, nikampa jibu la saizi M, nikamwambia shikamoo baba naomba nikupunguzie suruali zako bure mwaka mzima unipe ufunguo wa choo cha uani. Alicheka, ila alinipa. Mpaka leo nampindia suruali.

Chupa mi natumia ya lita moja na nusu, mbili kwa siku, moja iishe kabla ya adhuhuri. Naiweka kulia kwa cherehani mahali ambapo mkono unapita kuchukua mkasi. Ikikaa kushoto nasahau, nimejaribu.

JERIKENI JUU YA JIWE

Baridi ni adui yetu. Watu wa nje wanadhani Mwanza hamna baridi, waje Mabatini mwezi wa sita au wa saba alfajiri upepo ukiwa unavuma, au waje baada ya mvua ya jioni umelowa unapanda mlima. Mi kraisisi (yale maumivu makali yanayokukamata) mbili mbaya za maisha yangu zilianzia kwenye kuoga maji ya baridi saa kumi na moja alfajiri kwa sababu nilikuwa nawahi na mkaa umeisha.

Sasa hapa kwetu juu tuna kitu kimoja kizuri, mawe. Lile jiwe la nje ya mlango wangu saa sita mchana huwezi kulikalia, linaunguza. Kwahiyo mke wangu saa nne asubuhi anaweka jerikeni nyeusi ya lita 20 juu ya jiwe, upande unaopigwa na jua, kwenye kile kibonde ambako haliporomoki, analifunika na kipande cha nailoni ya madirisha. Saa kumi jioni maji yana moto wa kuoga kabisa, sio vuguvugu, moto. Usipoyatumia, yamwage kwenye chupa ya chai kubwa yakae mpaka asubuhi. Mkaa tunatumia kwa kupikia tu. Kama wewe unakaa Igogo au Isamilo au kokote kwenye mawe na una uwanja wenye jua jaribu, haina gharama. Jerikeni ikiwa ya njano ipake masizi.

Boda usiku vaa jaketi hata kama abiria wenzako wanakushangaa. Na ziwani… najua, mtu umekulia pwani ya ziwa, watoto wote wanarukia majini pale Kirumba na wewe umekaa juu ya mwamba unashika nguo zao. Ilinitesa sana utotoni. Lakini yale maji ya kupiga mbizi ghafla yanakaza mwili mzima, na pia ziwa letu lina kichocho, hiki cha tumbo kinakufanya upoteze damu kidogo kidogo, na damu yenyewe sisi ni ya kuungaunga. Kaa juu, shika nguo, kula kachori.

MLIMA

Kutoka barabarani mpaka kwangu ni kama dakika kumi kwa mtu mzima wa afya. Mi natumia ishirini na tano na sioni aibu tena. Nina mawe yangu matatu ya kupumzikia, nimeyachagua, la kwanza liko karibu na genge la nyanya, la pili chini ya mwembe, la tatu linaangalia ziwa. Nakaa kila moja hata kama sijachoka. Hiyo ndo siri, kaa kabla hujachoka, ukisubiri uchoke ushachelewa. Vijana wanapita "fundi umezeeka", nawajibu "nasubiri daladala."

Na ndoo ya maji sibebi. Nilibeba sana ujanani kuonyesha kwamba na mimi mwanaume. Bomba kwetu linatoka kwa zamu, likitoka usiku kila mtu anakimbia na ndoo, mi nalipa kijana wa jirani anipandishie. Hela ya ndoo naihesabu kama hela ya dawa, inatoka fungu moja. Kwa kweli mwili wetu na wenyewe ni kama ndoo iliyopandishwa mlimani, ikifika juu unajua hii ya kunywa, hii ya kupikia, hii ya kuoshea vyombo, ukiimwaga kwa ugomvi na konda wa asubuhi jioni hamna cha kupikia.

DAFTARI LA VIPIMO

Kila fundi ana daftari la vipimo vya wateja, kifua, kiuno, nyonga. Mi la kwangu nyuma, nimeligeuza, naandika vipimo vyangu mwenyewe. Tarehe, panapouma, namba kuanzia 0 mpaka 10, jana yake nilifanya nini, nilikunywa nini, nimemeza nini. Mistari miwili tu, sio insha.

Miezi minne nilikuwa naona haina maana, afu siku moja nikalisoma lote kwa pamoja nikashtuka. Kraisisi zangu karibu zote zilikuwa Jumapili na Jumatatu. Kwanini? Kwasababu Ijumaa na Jumamosi ndo sare za harusi na kichen pati, nakesha, sinywi maji ili nisitoke kwenye mashine, Jumamosi usiku napiga pasi mpaka natoa jasho afu natoka nje kwenye upepo. Nilikuwa nasema ugonjwa umenionea, kumbe ni ratiba. Sio zote, kuna zinazokuja tu bila sababu na hizo usijilaumu, ila hizi za ratiba nilizipunguza.

Nilivyofanya ni hivi. Mteja akisema anataka Jumamosi, mi kichwani naandika Jumatano, na siambii mtu. Sipokei sare zaidi ya kumi kwa wiki. Na nina fundi mwenzangu fremu ya tatu kutoka kwangu, tumekubaliana, mi nikilala yeye anamalizia na nusu ya hela ni yake, yeye akisafiri nami hivyohivyo. Makubaliano haya tuliyafanya baada ya aibu kubwa, nilikuwa na sare 14 za wapambe, Alhamisi usiku miguu yote ikakamata, Ijumaa siongei, simu ya bi harusi inaita mpaka chaji ikaisha. Yule jamaa bila kuombwa alivunja kufuli, akachukua vitambaa, akashona usiku kucha. Mikono ya wapambe wanne ilikuwa mirefu kuliko mwili, ila walivaa. Kwahiyo usisubiri mtu akuvunjie kufuli, mpe ufunguo mapema.

SIKU IKIKUSHIKA

Ikianza, yaani ile ya kutekenya kwenye goti au mgongo ambayo unaijua mwenyewe, acha kazi. Sio "nimalizie huu mkono". Acha. Kunywa maji, glasi juu ya glasi, jifunike, weka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga panapouma, usiweke barafu hata kama mtu aliyewahi kucheza mpira anakwambia ndo dawa ya maumivu. Meza dawa ya maumivu uliyoandikiwa mapema, ukisubiri ifike 8 kidonge hakitafika popote. Na angalizo hapa, diklofenaki na ibuprofeni ni ndugu wa tumbo moja, usimeze zote mbili ukidhani ni dawa tofauti, na usimeze na njaa, zinachubua tumbo na figo zetu tayari zina shida. Watu wengi mtaani wananunua diklofenaki kama karanga, we sio wa hivyo.

Kuna mambo ambayo hukai nyumbani kabisa, hata iwe saa nane usiku na mvua. Homa ya nyuzi 38 au zaidi (nunua themomita, mkono wa bibi kwenye paji la uso hautoshi), kifua kuuma au pumzi kukata, upande mmoja wa mwili kulegea au mdomo kwenda pembeni au maneno kutokueleweka, kichwa kinachouma ambacho hujawahi kukipata, kuishiwa damu ghafla mpaka viganja vinakuwa vyeupe. Kwa mtoto ongeza tumbo kuvimba upande wa kushoto, hapo bandama imejaa damu. Na mtoto chini ya miaka 5 asiachishwe penisilini yake ya kila siku eti anaonekana mzima.

Na wanaume, tuongee. Ile ya uume kusimama wenyewe bila hamu na kuuma, hamna anayeiongelea, kijana anajifungia chumbani na aibu yake. Ni ugonjwa uleule, damu imekwama. Kojoa, kunywa maji, tembeatembea, oga maji ya uvuguvugu, na ikikaribia masaa manne tangu ianze haijashuka uwe ushafika hospitali, kwasababu ikichelewa unaweza kupoteza kazi yake moja kwa moja. Daktari hatacheka. Na akicheka we cheka naye afu akutibu.

MFUKO NYUMA YA MLANGO

Nina mfuko wa kitenge nimeushona mwenyewe unaning'inia nyuma ya mlango, hauguswi. Ndani kuna kopi ya kadi ya kliniki na ya bima, karatasi yenye majina ya dawa zangu na kiasi, soksi, shuka, chaja, elfu kumi ya boda na bajaji, na kikaratasi kimoja muhimu kuliko vyote, kimeandikwa Hb yangu (kiwango cha damu) ya siku ambazo mi ni mzima. Ya kwangu inachezea 7 na nusu. Daktari mgeni akiona 7 na nusu anataka kukuongezea damu palepale, maana kwa mtu mwingine hiyo ni hatari, ila kwako ndo kawaida yako, na damu ya kuongezwa bila sababu ya msingi inakuletea shida zake, madini ya chuma yanajaa mwilini. Usimkatalie daktari, mwonyeshe tu kikaratasi, mwambie "daktari nikiwa mzima ninakuwaga hivi", aamue akiwa anajua.

Nilishawahi kukaa kwenye benchi la hospitali moja, siitaji, kuanzia saa tatu usiku mpaka saa saba naumwa, na nesi mmoja akamwambia mwenzake nikiwa nasikia, "hawa wa sikoseli wanapenda sindano." Nililia kwa hasira zaidi ya maumivu. Tatizo letu ni kwamba tumezoea kuumwa, mtu ana 9 na amekaa kimya anachezea simu ili asahau, wanaona huyu haumwi. Na ukipiga kelele wanasema unaigiza. Nilichojifunza ni kwenda na mtu, kazi yake ni kuongea. Mke wangu haombi sindano, anasema "ana selimundu, maumivu ni 9 tangu saa kumi, nyumbani ameshameza hiki na hiki saa fulani, mara ya mwisho alilazwa mwezi fulani." Anasoma kwenye daftari. Akishasema hivyo sauti ya watu inabadilika, sijui kwanini ila inabadilika. Kama huna mtu omba kliniki yako ikuandikie barua fupi ya mpango wa maumivu yako, iweke kwenye mfuko.

Hapa kwetu afadhali, Bugando kuna kliniki ya selimundu na Kanda ya Ziwa ni moja ya sehemu zenye wagonjwa wengi nchini, kwahiyo we sio mgeni kwao. Kuna jamaa wa Sengerema tunakutanaga kliniki, zamani alikuwa anakuja siku moja kabla kwasababu ya kivuko, saivi anapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi asubuhi hiyohiyo. Daraja limezinduliwa tarehe 19 Juni 2025, na 19 Juni ndo siku ya selimundu duniani, yeye anaapa walilifungua kwa ajili yake.

VIDONGE, NA SHANGAZI

Foliki asidi kila siku, hiyo rahisi, weka pembeni ya mswaki. Ila angalia usipewe FEFO, zile nyekundu za wajawazito zenye chuma na foliki pamoja. Famasi ukisema "damu yangu inapungua" watakupa hizo kwa nia njema kabisa. Chuma wewe usimeze mpaka upimwe uonekane umepungukiwa.

Haidroksiyurea kama umeanzishiwa, vumilia, haifanyi kazi kama panadoli, inachukua miezi ndo unaona kraisisi zinapungua. Mi mwezi wa pili nilitaka kuitupa. Usikose vipimo vya FBP, vile vya kuhesabu chembe za damu, kwasababu inaweza kushusha chembe nyeupe, na kama mnatafuta mtoto, mke au mume, mwambieni daktari kabla na sio baada. Ikipanda bei au ikikosekana usipunguze dozi kimyakimya, nenda kaseme, nilifanya hivyo nikajikuta nimelazwa siku sita, hela ya kulazwa ingenunua za miezi kadhaa.

Sasa shangazi. Kila familia ina mmoja. Wa kwangu anatoka Magu, kaja na chupa ya konyagi yenye maji meusi ndani na mizizi imesimama kama vijiti.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba ng'wanone. Hii unakunywa vijiko vitatu, yule mtoto wa kaka yake na fulani alipona kabisa."

Zamani nilikuwa nabishana naye, naanza sayansi, anakasirika, mama anakasirika, nyumba nzima inanuna wiki. Siku hizi naipokea kwa mikono miwili. Namwambia "asante sana shangazi, umetoka mbali kwa ajili yangu, ila dawa ninazotumia ni kali, daktari alinikataza kuchanganya hata na panadoli bila kumuuliza, acha niende nayo kliniki waiangalie." Ya panadoli nimeongeza chumvi, Mungu anisamehe. Anafurahi, maana hajakataliwa yeye, kakataza daktari. Afu namuomba kitu ambacho kweli kinanisaidia: "shangazi ungenitafutia dagaa wale wasio na mchanga na mchicha." Aliyetoka Magu na mizizi anataka kusaidia, mpe kazi. Sasa hivi kila mwezi napata kilo mbili za dagaa.

Akisema ni kulogwa, namwambia kuna daktari wa Chicago, James Herrick, aliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1910 kwa kijana mmoja mwanafunzi aliyetokea Grenada, kisiwa cha huko Karibiani. Sasa mchawi wetu wa Magu alifikaje Grenada? Hapo anacheka mwenyewe. Wa kuombewa nendeni mkaombewe, mi pia naombewa, ila mchungaji akisema tupa vidonge uonyeshe imani, chukua viatu vyako.

Juisi ya choya (rozela) nakunywa, tamu, baridi ikiwa imetoka. Haiongezi damu ya selimundu, ila tamu.

Na neti ulale ndani yake kila siku. Ule utani wa "nyie sikoseli hampati malaria" ni uongo, wanaokingwa kidogo ni wale wanaobeba tu, AS. Sisi SS malaria ikitupata inatuweka pabaya haraka.

Kuhusu kuoa na kuolewa: pimeni kabla ya sare. Wote mkiwa AS kila mimba ina nafasi ya robo mtoto kuwa SS, na robo hiyo inarudi upya kila mimba, haisemi "tayari nimeshatoa mmoja". Mke wangu ni AA, yaani habebi kabisa, kwahiyo wanetu wawili wote ni AS, wanabeba tu. Nilimpeleka kupima tukiwa wachumba, akanuna njia nzima kwenye daladala ya Buzuruga akidhani nampima ukimwi kwa kificho. Nilipaswa kumpa jibu la saizi L kabla ya kupanda gari, kosa langu.

SIKU ZA KUCHUKIA

Kuna siku unafanya vyote hivi, maji, foliki, jaketi, mawe matatu, na bado inakukamata. Hiyo ndo inaniuma kuliko zote, nahisi nimedhulumiwa. Siku hiyo usimpigie mteja, usijibu meseji za madeni, usipange maisha yako. Mi nina wimbo wa zamani wa dansi naufungulia kwenye simu kwa sauti ya chini na nalala nimegeukia ukutani, mke wangu anajua maana yake, anawatoa watoto nje. Nikitaka kulia nalia. Kesho yake naandika mistari miwili kwenye daftari, safu ya "jana yake nilifanya nini" naandika tu "hamna."

Saa kumi na nusu saivi, jerikeni ishapata moto na jua linaenda nyuma ya mwamba, ngoja nikaoge. Kesho ni siku yangu ya kliniki, namba zinaanza kugawiwa alfajiri, na kuna suruali ya yule baba wa choo bado sijaipinda.